Naujua ubovu wake, mbona bado naicheza?

Swali la msomaji: "Nina gemu moja ya ulimwengu wazi niliyoicheza zaidi ya saa 80. Naweza kukutajia kasoro zake usiku kucha: picha zinakwama ndani ya miji, misheni za pembeni zinafanana, kamera inajibana ukutani, na mwisho wa hadithi ni kama umekatwa kwa shoka. Rafiki zangu wananiuliza, kama ni mbovu hivyo mbona huiachi? Sina jibu. Tena siku hizi nikianza gemu mpya, nusu saa haijaisha nimeshaanza kuhesabu makosa. Je, najidanganya kwamba naipenda? Na nifanyeje nifurahie tena bila kujifanya sioni?"

Hujidanganyi. Rafiki zako wanapiga hesabu isiyofaa. Wanadhani gemu huanza na alama 100, kila kasoro inakata kidogo, na kinachobaki ndicho kiasi unachoruhusiwa kuipenda. Furaha ya kucheza haiendi hivyo. Gemu ni vitendo vichache vinavyorudiwa maelfu ya mara, kama kuruka, kulenga, kukwepa, kupanga au kutafuta, na mengine yote yamejengwa kuvizunguka. Kasoro iliyo mbali na vitendo hivyo unaweza kuiona vizuri, ukaitaja, ukaikasirikia, na bado mkono ukakataa kuachia pedi. Iliyo ndani yake, hata ikiwa ndogo, inakula kila kitu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kasoro ziko ngapi, uliza ziko wapi.

Chukua Dark Souls ya 2011. Kwenye PlayStation 3 na Xbox 360, eneo lake la kinamasi liitwalo Blighttown liliilemea mashine, fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) zikashuka hadi kukera. Lost Izalith, sehemu ya karibu na mwisho, inaonyesha wazi kwamba ilimaliziwa mbiombio: uwanda wa lava uliojaa viumbe wale wale, kana kwamba wamemwagwa tu. Toleo la kompyuta la 2012 lilikuja likichora picha kwa mistari 720 hata skrini yako iwe kubwa kiasi gani, na fremu zimefungwa kwenye 30 kwa sekunde, mpaka mchezaji mmoja akatengeneza kiraka chake mwenyewe muda mfupi baada ya gemu kutoka. Hakuna shabiki makini anayekana hayo. Lakini pambano lenyewe limesimama: kila pigo linakula stamina, kila kukwepa kuna muda wake, adui anaonyesha ishara kabla ya kupiga, na ukifa kwa kawaida unajua ulipokosea. Hicho ndicho unachokifanya kila sekunde chache, tangu mwanzo hadi mwisho. Blighttown ni ya saa moja au mbili.

GTA Online ni mfano mkali zaidi. Tangu 2015 wachezaji wa kompyuta walikuwa wakisubiri dakika kadhaa kila walipotaka kuingia. Mapema 2021 mchezaji mmoja anayejua programu alichimba akakuta jambo la kushangaza: gemu ilikuwa inasoma faili la maandishi la MB 10 hivi lenye orodha ya vitu vinavyouzwa, na kila ilipochukua kipande kimoja ilikuwa inapima upya urefu wa maandishi yote yaliyobaki. Marekebisho yake yalipunguza kusubiri kwa takriban asilimia 70, na Rockstar, watengenezaji wa gemu hiyo, wenyewe waliyakubali wakatoa sasisho. Karibu miaka sita watu walilalamika mlangoni, kisha wakaingia wakacheza. Kasoro ilikuwa kubwa, ila ilikuwa nje ya mchezo wenyewe.

Sasa geuza upande. The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya 1998 imesifiwa kama gemu chache zilivyowahi kusifiwa, ila Hekalu la Maji lilichukiwa hata na wanaoiabudu. Wengi walidhani wanachukia fumbo. Kilichowachosha hasa kilikuwa viatu. Ili uzame unavaa viatu vya chuma, ili uelee unavivua, na kila mara ilibidi usimamishe gemu, uende ukurasa wa mavazi, uchague viatu, ufunge, uendelee. Hekalu linadai hivyo tena na tena. Toleo la Nintendo 3DS la 2011 liliruhusu viatu viwekwe kwenye kitufe, ukibonyeza unavaa, ukibonyeza tena unavua, likaongeza na mistari ya rangi ya kuelekeza kwenye vyumba vya kubadilishia kina cha maji. Hekalu ni lile lile, fumbo ni lile lile. Kilichoondolewa ni kero ndogo iliyokuwa imekaa katikati ya kitendo.

Hapo unapata kipimo cha kutumia: zidisha uzito wa kasoro kwa idadi ya mara inavyorudi. Kero ya sekunde 5 inayojitokeza mara 200 inakula karibu dakika 17, na mbaya kuliko muda, inakukatiza mara 200. Ukurasa mmoja wa hadithi mbovu wa dakika 10 unapita mara moja, basi. Ndiyo maana Skyward Sword ya 2011 iliwachokoza watu kwa jambo linaloonekana dogo ukilisikia: kila ukiwasha gemu upya, ukiokota mdudu au kito ambacho tayari unacho, inakusimamisha na kukueleza tena ni nini. Toleo la 2021 liliondoa kero hiyo.

Tupime gemu yako basi. Andika vitenzi vitatu au vinne vinavyojaza muda wako mwingi ndani yake. Usiandike kinachosemwa kwenye tangazo. Andika vidole vyako vinafanya nini. Cheza dakika 20 za kawaida ukiwa na karatasi kando na utavipata bila shida. Tuseme ni kutembea porini, kupanda, kupigana na kuokota. Picha kukwama mijini: unapigana mijini? Kama unaenda huko kuuza vitu tu, hiyo ni kero ya pembezoni. Misheni za pembeni kufanana: hizo ni hiari, na nitazirudia hapa chini kwa sababu hapo huenda unajiumiza mwenyewe. Mwisho uliokatwa kwa shoka hutokea mara moja, baada ya saa nyingi nzuri. Unauma, ila haurudi nyuma kuzifuta. Kamera kujibana ukutani ndiyo ningeitilia mashaka. Ikiwa mapigano mengi yako mapangoni na vyumbani, hiyo imo ndani ya kitendo, na ndiyo inayostahili hasira yako yote. Saa 80 zinaniambia kwamba mapigano yako mengi yako mahali peupe.

Kuna aina ya kasoro ambayo ukiiondoa unaondoa na ladha. Kwenye Space Invaders ya 1978 mashine ilikuwa dhaifu mno kuwasogeza maadui 55 kwa kasi, kwa hiyo kadiri ulivyowapunguza ndivyo waliobaki walivyokimbia. Mtengenezaji wake, Tomohiro Nishikado, aliliacha hivyo, na udhaifu wa chipu ukawa ndio mvutano wa mchezo. Mapigo ya mfululizo ya Street Fighter II ya 1991 yalitokana na mwanya uliogunduliwa wakati wa majaribio, pigo moja likiingia kabla mpinzani hajazinduka kutoka lile la kwanza. Nao haukuzibwa, na leo ni vigumu kufikiria gemu za kupigana bila mfululizo. Silent Hill ya 1999 ilijaza ukungu mji mzima kwa sababu PlayStation haikuweza kuchora mbali. Mwaka 2012 mkusanyiko wa HD ulipotoa toleo jipya la Silent Hill 2 lenye ukungu hafifu, wachezaji wakaona mpaka ardhi inapokatika hewani, na hofu ikavuja pale pale.

Hapa nakutahadharisha kidogo: si kila kasoro inayosimuliwa ni ya kweli. Ile habari kwamba Gandhi kwenye Civilization ya kwanza alikuwa akirusha mabomu ya nyuklia kwa sababu namba ya ukali wake ilishuka chini ya sifuri ikazunguka hadi 255, Sid Meier, mtengenezaji wa gemu hiyo, mwenyewe aliikanusha mwaka 2020. Tena zipo "kasoro" zilizo kichwani mwa mchezaji. Gemu za Fire Emblem tangu 2002 zimekuwa zikionyesha nafasi ya kupata shabaha kwa asilimia, kisha nyingi kati yake zinachukua wastani wa namba mbili za bahati badala ya namba moja. Ukiona 90, ukweli ni karibu 98. Inaelekea walifanya hivyo kwa kuwa mtu akikosa mara moja kwa kumi kwa haki kabisa, huapa kwamba gemu inamwibia. Ukijikuta unalaani bahati, hesabu mara 50 kabla hujaandika lawama.

Kinyume chake ni kasoro halisi ambazo hakuna aliyeziona. Kwenye Pokémon za kwanza za 1996, kitendo kiitwacho Focus Energy kilichokusudiwa kuongeza mara nne nafasi ya pigo kali kiliipunguza hadi robo. Na shambulio la asilimia 100 bado lingeweza kukosa mara 1 kati ya 256. Mamilioni walikitumia kitendo cha Focus Energy kwa imani, wakishangilia. Kasoro usiyoihisi haikati chochote, na hilo linavunja kabisa ile hesabu ya alama 100.

Tuje kwenye kazi ya mikono. Wachezaji wengi wanaojiita wakosoaji hawajawahi kufungua mipangilio zaidi ya sauti na lugha, wakati nusu ya kero zao iko humo. Anza na fremu. Kinachochosha macho si uchache wa fremu peke yake, ni kutolingana kwake. Skrini ya kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16.7. Gemu ikitoa fremu 45 kwenye skrini hiyo huku V-Sync (mpangilio unaolinganisha fremu na mizunguko ya skrini) ikiwa imewashwa, fremu moja inakaa mzunguko mmoja, nyingine miwili, na jicho linaona mtikisiko ingawa namba inapendeza. Ifunge kwenye 30: kila fremu inakaa mizunguko miwili kamili, milisekunde 33.3, na mwendo unatulia. Ukiwa na skrini ya mizunguko 120, tumia 40. Kila fremu inakaa mizunguko mitatu, milisekunde 25, na tofauti na 30 utaihisi kwenye vidole. Kwa hiyo miji inayokwama kwenye gemu yako huenda inatibika: funga fremu kwenye kiwango ambacho mji wenyewe unakimudu, usifuate kile pori linachokimudu.

Kama bado inakwama kwenye kompyuta, punguza kwa utaratibu, kitu kimoja kwa wakati, ukirudi kusimama mahali pale pale penye shida. Vivuli kwanza, toka kiwango cha juu kabisa hadi cha kati. Macho hayataona tofauti kubwa, mashine itaiona. Kisha uakisi wa maji na vioo. Kisha idadi ya watu barabarani, kwa sababu mijini mara nyingi kinacholemewa ni kichakataji, si kadi ya picha. Ndiyo sababu kupunguza ukubwa wa picha mjini mara nyingine hakusaidii chochote: umepunguza mzigo wa mashine isiyolemewa. Ubora wa michoro ya nyuso za vitu (textures) uache juu ikiwa kumbukumbu ya kadi inatosha, hauli kasi sana. Na kama inakwama mara ya kwanza tu unapofika mahali au adui anapotumia uchawi mpya, halafu haikwami tena, hiyo ni mashine inayoandaa programu ndogo za michoro (shaders) papo hapo. Gemu nyingi zina hatua ya kuziandaa kwenye menyu ya mwanzo. Iache imalize hata kama ni dakika kumi, na tarajia irudie ukisasisha programu ya kadi.

Zima ukungu wa mwendo (motion blur) na chembechembe za filamu (film grain). Hapa sina upole: vyote viwili vipo zaidi kwa ajili ya picha za matangazo. Upana wa mtazamo kwenye gemu za macho ya mhusika, ukiwa umekaa karibu na skrini, upeleke hadi digrii 90 au zaidi. Upana mdogo wa 60 hivi ukiwa karibu huwatia wengi kichefuchefu, kisha wanailaumu kamera. Kamera inayojibana ukutani ina dawa nusu: mara nyingi kuna mpangilio wa umbali wa kamera, uweke mbali kabisa, na zima ile inayojigeuza yenyewe kumfuata mhusika. Iliyobaki ni tabia ya kupigana: usiupe ukuta mgongo, mvute adui atoke hadi katikati ya chumba.

Usisahau televisheni. Nyingi huisafisha picha kabla ya kuionyesha, na usafishaji huo unaweza kuchelewesha kitufe kwa zaidi ya milisekunde 100, yaani fremu sita kwenye gemu ya 60. Mtu anasema gemu ni nzito, kumbe mzito ni skrini. Washa hali ya gemu kwenye televisheni. Kwenye pedi, tafuta mpangilio wa ile sehemu ya katikati ya kijiti isiyohesabiwa: ikiwa kubwa mno kulenga kunakuwa kwa kigugumizi, ikiwa ndogo mno mhusika anajiendea mwenyewe. Ianzishe kwenye asilimia 5, ongeza moja moja mpaka kijiti ukikiachia mhusika atulie kabisa, basi ishia hapo.

Kuhusu modi, yaani mabadiliko ya gemu yanayotengenezwa na wachezaji kwenye kompyuta, zipo gemu ambazo bila hizo ningekuambia usubiri. Fallout: New Vegas ya 2010 ilitengenezwa kwa takriban miezi 18, na inaonyesha. Ina uandishi bora kuliko gemu nyingi za aina yake na programu inayoanguka ovyo. Sababu moja inajulikana: ni programu ya biti 32 ambayo kwa asili inatumia GB 2 tu za kumbukumbu, na kiraka kidogo kinachoiruhusu kutumia 4 hupunguza kuanguka kwa kiasi kikubwa. Vampire: The Masquerade – Bloodlines ya 2004 ilitoka siku moja na Half-Life 2, studio yake ikafungwa muda si mrefu, na viraka vya mashabiki vikaendelea kutoka miaka na miaka. Kanuni zangu za modi ni fupi. Nakili kwanza folda ya seivu, yaani faili zinazohifadhi ulipofikia. Weka viraka vya kuzuia kuanguka na kurekebisha makosa peke yake, cheza saa mbili, ndipo ufikirie kingine. Mara ya kwanza usiguse modi zinazobadilisha uzito wa mapambano au kuongeza hadithi, kwa sababu hutajua tena ni nani unayemsifu au kumlaumu. Usiondoe modi katikati ya safari. Seivu huwa imeshaandika vitu vyake ndani, na hapo ndipo seivu nyingi zinapokufa.

Na seivu zenyewe, zungusha tatu au nne, usiandike juu ya moja tu. Gemu kubwa huharibika kwenye seivu kuliko mahali pengine. Skyrim ya 2011 kwenye PlayStation 3 ilizidi kuwa nzito kadiri faili la seivu lilivyonenepa, na aliyekuwa na saa nyingi ndiye aliyeumia zaidi.

Kungoja nako ni mbinu, na ni ya bure. Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020 ikiwa na hali iliyofanya Sony waiondoe dukani kwao siku chache tu baadaye. Ilirudi Juni 2021, na toleo la 2.0 la Septemba 2023 lilifumua upya mfumo wa ujuzi na wa polisi. Muda hutibu kuanguka, kukwama na misheni zisizoisha. Kitendo cha msingi kinachochosha hutibika kwa nadra sana, kwa hiyo usingoje miaka miwili ukitumaini kwamba mapigano uliyoyachoka saa ya kwanza yatakuwa matamu. Ukinunua kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, unaruhusiwa kuomba urudishiwe fedha ndani ya siku 14 ikiwa umecheza chini ya saa 2. Usizimalize saa hizo kwenye kumvisha mhusika nguo na kumchagulia nywele. Nenda moja kwa moja kwenye kitendo.

Nimeahidi kurudi kwenye misheni za pembeni. Mtu anaona alama 150 kwenye ramani, anaanza kuzifuta moja moja kama anayelipa deni, kisha analalamika zinafanana. Zinafanana kwa sababu zimetengenezwa ili mchezaji yeyote akutane na chache njiani, si ili mtu mmoja azimalize zote. Zima alama za ramani kama gemu inaruhusu. Fanya misheni ya pembeni inayokukuta, na ukishafanya tatu za aina moja, aina hiyo imekwisha kwako. Saa 80 zako zitakuwa 50, na nadhani utazikumbuka vizuri zaidi.

Kasoro moja siiweki kwenye kundi hili kabisa: ile iliyowekwa makusudi ili ikuume. Muda wa kusubiri unaoondolewa kwa malipo, safari ndefu isiyo na sababu mpaka ununue njia ya mkato, masanduku ya bahati unayonunua bila kujua kilichomo. Mwaka 2017 Star Wars Battlefront II ilifungamanisha nguvu za wahusika na masanduku hayo, na kelele zikawa kubwa hata EA, kampuni inayoiuza, wakazima ununuzi kabla gemu haijatoka rasmi. Mwaka uliofuata mamlaka za Ubelgiji ziliamua kwamba masanduku ya kulipia katika baadhi ya gemu ni kamari chini ya sheria zao. Hapa usiwe mvumilivu. Kukwama kwa fremu ni mtengenezaji aliyeshindwa. Muda wa kusubiri unaouzwa ni mtengenezaji aliyefaulu. Kipimo ni rahisi: kama zawadi ya kuingia kila siku ingeondolewa kesho, ungeifungua gemu hiyo? Ukisita, huipendi, imekushika tu, na hapo rafiki zako wana hoja.

Imebaki ile nusu saa ya kuhesabu makosa. Hilo halitoki kwenye gemu, linatoka kwenye jicho, na jicho la mkosoaji haliwezi kufanya kazi mbili kwa pamoja. Kuhukumu kunakutoa nje ya kitendo, na gemu hudai uwe ndani. Ondoa namba ya fremu inayoning'inia kwenye kona ya skrini. Ukishamaliza mipangilio haina kazi tena isipokuwa kukukumbusha kukagua. Usisome wala kutazama uchambuzi wa gemu kabla ya kuigusa, kwa maana ukiambiwa sauti ya nyayo inarudiarudia, utaisikia hiyo tu. Soma baadaye, utaufurahia zaidi ukiwa na maoni yako. Ukiona kosa wakati wa kucheza, litaje kwa neno moja moyoni, kisha endelea. Ukitaka kuandika, andika ukishazima, dakika tano, na andika pande zote mbili: kilichokukera na kitendo ulichokirudia kwa hiari bila kuagizwa na misheni. Mstari huo wa pili ndio wenye habari nyingi kuliko wote. Mtu aliyezunguka mlima mara tatu bila sababu ameshajibu kama gemu ni nzuri kwake.

Zingatia pia kwamba kuona makosa haraka ni ujuzi uliokuja pamoja na saa zako. Anayeanza haoni kwamba adui ana mienendo mitatu tu. Wewe unaiona kwenye pambano la pili. Haitarudi ile hali ya kutoona, na si lazima irudi. Tafuta gemu zinazolipa ujuzi huo: aina usiyowahi kuicheza, au ile ndogo ya saa sita yenye wazo moja lililosukwa vizuri, badala ya ulimwengu mwingine wazi wenye minara ile ile ya kupanda.

Rafiki zako wajibu kwa kitenzi. Usiwaambie "ni mbovu lakini naipenda", maana sentensi hiyo inaomba radhi. Waambie: kupanda na kupigana porini ni kutamu, miji inakwama, mwisho hauna maana, misheni za pembeni zirukeni. Huo ni ushauri mtu anaweza kuutumia kuamua kama anunue. Anayependa hadithi atakaa mbali, na atakuwa sahihi, bila wewe kuwa umekosea.

Na siku utakayofungua gemu, ukasimama kwenye menyu, ukaifunga, ukafanya hivyo mara tatu ndani ya wiki moja, iache. Kwenye konsoli kuifuta kwa kawaida hakufuti seivu. Kwenye kompyuta usiliamini hilo: tafuta folda ya seivu, inakili pembeni pamoja na orodha ya modi ulizoweka na matoleo yake, ndipo ufute.